Bonge Moja Kutoka Shamba la Baba

3 Machi

Huu ni mwezi wa pili tangu nitoke nyumbani. Niliaga kwamba naenda kibarua cha wiki tatu, kupakia mchanga kwenye malori. Wiki tatu zikaisha, mchanga ukaisha, na nauli ya kurudi ikaliwa na tumbo. Leo nimepata kazi nyingine, kuchimba mashimo katika shamba la utafiti nje ya mji, msimu mzima wa mvua. Chumba wanatoa. Kina vitanda viwili vya chuma, dirisha moja lisilofunga, na ukutani kuna treni aliyoichora mtu kwa mkaa.

Mwenzangu chumbani ni mrefu mpaka miguu yake inachungulia nje ya kitanda. Wote wanamwita Mlingoti. Ameshafanya kazi hapa misimu miwili. Bosi wetu ni mama wa makamo mwenye miwani, anaitwa Daktari. Nilimwuliza Mlingoti anatibu nini.

"Udongo," akasema.

"Udongo unaumwa?"

"Utamwuliza mwenyewe. Mimi nachimba tu."

Daftari hili amenipa Daktari niandike kila siku mvua iliyoingia kwenye kopo la kupimia. Hiyo ni mistari ya mbele. Huku nyuma kurasa ni nyingi, naandika yangu. Shule niliiacha darasa la sita, na nisipoandika mkono utasahau.

4 Machi

Mvua hakuna. Kuchimba.

6 Machi

Sijawahi kuona uchimbaji wa namna hii. Shimo linafika kiunoni, kuta zake zinanyooshwa kwa kisu kama keki. Udongo mweusi wa juu unawekwa kwenye turubai moja, mwekundu wa chini kwenye turubai nyingine. Daktari anashuka, anatazama ukuta, anaandika, anagusa kwa kidole, anaandika tena. Akimaliza tunafukia. Na kufukia nako kuna utaratibu, wa chini urudi chini, wa juu urudi juu.

Mimi nilimwaga toroli moja ya mweusi kwanza, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Daktari akashuka na viatu vyake vizuri akautoa kwa mikono.

"Kwani udongo utajua, Daktari?"

"Utajua," akasema. "Mjukuu wako atalima hapa na bado utakuwa unajua."

Nilimtazama Mlingoti nione kama anacheka. Hakucheka.

9 Machi

Jumapili. Nimepanda kichuguu nyuma ya ghala, ndipo mtandao unapopatikana, nikaongea na mke wangu. Watoto wazima. Habari nyingine si nzuri.

Kaka anasema shamba la baba limekufa. Mwaka wa tatu huu anakodi trekta, na mahindi ya msimu uliopita yaliishia kwenye goti. Sasa wamemjia watu wa matofali. Wanataka kuchimba shamba zima, wauchome udongo wote, wamlipe. Mvua zikikatika wanaanza. Kaka ameshakubali kwa mdomo, amebakiza kunifahamisha mimi, kama mtu anayekufahamisha kwamba jua limezama.

"Na wewe umemjibu nini?" nikamwuliza mke wangu.

"Mimi nimjibu nini shemeji yangu? Wewe si uko na watu wa udongo huko? Waulize. Huo udongo umekufa au umechoka? Kama umechoka waseme, maana aliyechoka hazikwi."

Shamba la baba tuliachiwa wawili, lakini kaka ni kaka. Siwezi kumwambia hapana hivi hivi nikiwa mbali, bila sababu mkononi. Na matofali yakishachukua udongo, pale patabaki bwawa la vyura. Watoto wangu watarithi vyura.

10 Machi

Mvua, vidole viwili kwenye kopo. Sikumwuliza Daktari. Nilianza kusema, akainua kichwa, nikasema kamba ya turubai imekatika.

14 Machi

Leo nimeharibu kazi na bado sielewi vizuri nilichoharibu.

Niliambiwa nikate mabonge ya udongo kumi na mawili, kila moja ukubwa wa kichwa cha mtu, niyapange kwenye sanduku. Nikasema leo nitaonyesha kwamba na mimi ni fundi. Nikayakata, nikayapunguza pembe zilizojitokeza, nikayapaka maji kidogo kwa kiganja yakawa laini, nikang'oa mizizi iliyoning'inia, nikaziba nyufa kwa kidole. Nikayapanga yakabana vizuri, hakuna la kutikisika. Yalipendeza. Ungedhani ni mikate.

Daktari alifungua sanduku. Halafu akakaa juu ya ndoo.

"Nani ameyapaka haya?"

"Mimi, Daktari. Nimeyasafisha."

"Umeyasafisha." Akavua miwani. "Sikiliza. Mimi sitafuti udongo. Udongo umejaa, tumesimama juu yake. Ninachotafuta ni jinsi ulivyokaa. Nyufa zake, vitundu vyake, njia ya mnyoo, njia ya mzizi. Maji yanapita humo, hewa inapita humo. Ukiziba hizo umenibakishia tope."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Mlingoti alisubiri mpaka Daktari ameondoka.

"Mgonjwa umempeleka kwa kinyozi," akasema. "Daktari anataka kuona kidonda, wewe umemnyoa ndevu."

Nimekata mengine kumi na mawili mpaka giza likaingia.

15 Machi

Mvua. Mikono inauma.

19 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi. Tumekaa ndani ya ghala, na Daktari akaamua kutufundisha, nadhani kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Alichukua bonge kavu akalipasua kwa mikono. Likatoka vipande, vingine vikubwa, vingi vidogo. Akachukua kipande kimoja, akakipasua. Kikatoka vipande, vingine vikubwa, vingi vidogo. Akaendelea mpaka anapasua kwa kucha. Akapiga picha bonge la kwanza, akapiga picha chembe ya mwisho kwa karibu sana, akatuonyesha kwenye simu.

"Lipi ni bonge, na ipi ni chembe?"

Tukakosa wote wawili. Zilifanana kama kaka na mdogo wake.

"Ndiyo maana yake," akasema. "Kipande kinafanana na kizima kilikotoka. Vitu vya namna hii vinaitwa fraktali. Wingu ni hivyo, mti ni hivyo, na udongo, kwa kiasi fulani, ni hivyo. Ndiyo sababu tunaweka penseli kando ya bonge kabla ya kupiga picha. Bila penseli huwezi kujua unatazama mlima au punje."

Mlingoti akauliza kama binadamu naye ni hivyo. Daktari akasema hapana, ukimkata binadamu kidole hupati binadamu mdogo. Tulicheka, lakini hapa kitandani nawaza sana. Mtu msomi, mwenye miwani, anavunja mabonge siku nzima kama mtoto, na analipwa. Na mimi ninayemwita mtoto ndiye nisiyeona tofauti ya mlima na punje.

22 Machi

Nimemwuliza. Nilisema yote kwa pumzi moja, trekta, matofali, kaka, vyura. Nikamalizia, "Je, umekufa au umechoka?"

Daktari aliweka kalamu chini.

"Siwezi kujua kwa kusimuliwa," akasema. "Leta bonge."

Basi ni hivyo tu! Jioni nimempigia mke wangu. Dereva wa lori la mbolea, tunayemwita Kipara, anapita njia panda ya kwetu kila baada ya wiki mbili. Nimemwambia mke wangu achimbe udongo katikati ya shamba, ampe Kipara. Akauliza kiasi gani. Nikasema wa kutosha, uwe mzuri. Salio likakatika.

27 Machi

Mvua. Mlingoti amepiga picha trei nzima ya vipande bila penseli. Alikuwa ameiweka sikioni. Daktari amezitazama zile picha, arobaini na kitu, akazifuta zote, maana hakuna ajuaye kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo. "Angalau umethibitisha nadharia," akamwambia. Mlingoti ameshinda anajisifu kwamba amethibitisha nadharia.

2 Aprili

Hakuna kuchimba, mashimo yamejaa maji. Daktari alinipa picha kubwa ya ufa mmoja wa udongo na njiti ya kiberiti. Akasema nipime ufa ni njiti ngapi. Nikapima. Akaivunja njiti katikati akasema nipime tena. Nilitegemea nusu njiti ziwe mara mbili ya zile njiti nzima. Zikazidi. Akavunja tena, zikazidi tena. Nilidhani nimekosea kuhesabu, nikarudia mpaka macho yakauma. Sikukosea. Njiti fupi inaingia kwenye kona ambazo njiti ndefu iliziruka.

"Sasa ufa huu una urefu gani?" nikauliza.

"Inategemea njiti."

"Daktari, kwetu ukipima mpaka wa shamba namna hiyo utapigwa jembe."

Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Halafu akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, labda siku moja nitayaelewa. "Urefu wenyewe hauna jibu. Lakini namna unavyoongezeka kila unapofupisha njiti, hiyo ina jibu. Jibu hilo ni nambari moja, na hiyo ndiyo ninayoitafuta."

Nambari ya kitu kisicho na urefu. Nalala nayo usiku huu, haijanifungukia.

8 Aprili

Mzigo umefika. Nitajaribu kuandika bila hasira.

Kipara alileta kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa na kamba. Nikalibeba kwa mikono miwili mpaka mezani kwa Daktari. Nilitaka alifungue yeye. Akafungua kamba, akakunja kitambaa, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na unga. Unga mwororo, mwekundu, bila jiwe, bila mzizi, bila hata punje moja kubwa kuliko nyingine. Mke wangu aliutwanga kinuni na kuuchekecha.

Daktari alitia vidole, akavitoa, akavitazama.

"Nani ameusaga?"

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, nikaenda kupanda kichuguu.

"Umefanya nini?" nikamwambia mke wangu.

"Umefika? Umefika salama?"

"Umefika unga! Nani alikwambia utwange?"

"Kwani ulitaka nimpelekee mgeni wa watu udongo na mawe? Mtu ana shahada! Nimechekecha mara mbili. Mikono yangu imetoka malengelenge, halafu unanifokea?"

"Ulitakiwa ukae kama ulivyo!"

"Hukusema. Ulisema uwe mzuri."

Ni kweli nilisema. Na mimi mwenyewe mwezi uliopita niliyanyoa mabonge kumi na mawili. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama kweli hauwezi kushikanishwa tena kwa maji kidogo. Nikamwambia hapana, maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni vilevile. Nikamweleza upya, safari hii kwa kituo. Bonge zima. Ukubwa wa kichwa. Usiguse, usioshe, usipendezeshe.

"Basi kumbe kazi yenu ni rahisi," akasema. "Mnataka mtu asifanye kitu."

Kipara anapita tena baada ya wiki mbili.

13 Aprili

Kaka amepiga simu mwenyewe, na kaka hapigi simu.

"Nasikia unanunua udongo wetu kwa makopo," akaanza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nasikia mnautazama kwa miwani."

Nikamwambia nataka nijue tu kabla hatujauza. Nilitegemea awe mkali. Badala yake alivuta pumzi ndefu.

"Mdogo wangu, wewe uko huko unapiga picha mabonge. Mimi niko hapa na mgongo. Asubuhi nakaa kitandani kwanza nausubiri ukubali. Msimu uliopita nimepalilia lile shamba mimi na mkeo, tukavuna majani. Unadhani napenda kuona watu wanachimba kwa baba? Mimi ndiye niliyemshika baba siku jembe lilipomshinda."

Miezi hii yote nimekuwa nikimwona kaka kama mtu mwenye tamaa. Kumbe na yeye amechoka. Shamba limechoka, kaka amechoka, mimi nimechoka. Sijui nani anampumzisha nani.

Akasema watu wa matofali watamsubiri mpaka katikati ya Mei. Zaidi hapana.

16 Aprili

Mvua. Buti langu la kulia limepasuka.

22 Aprili

Bonge limefika! Lilikuja ndani ya sufuria, limezungushiwa sweta kuukuu la binti yangu chini na juu, mfuniko umefungwa kwa mpira. Kipara alishuka akiwa amenuna.

"Mkeo amenilisha kiapo," akasema. "Eti lisikae nyuma na mbolea. Limekaa kiti cha mbele, kila tuta napunguza mwendo. Nimeendesha kama nimebeba bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe hata haongei."

Daktari alifunua sweta polepole. Akasema, "Hili ni bonge." Nilijisikia kama mwanangu amefaulu mtihani.

Halafu akauliza limetoka kina gani. Sikujua. Nikapanda kichuguu, nikarudi na jibu. Juu palikuwa pagumu kama sakafu, jembe linaruka, vinatoka vigae tu, kwa hiyo mke wangu alichimba kupita pale pagumu, akalitoa bonge chini yake, kina cha karibu kufika gotini. Daktari akakunja uso. "Basi hili litasema habari za chini. Za juu sitazijua." Sikumwambia mke wangu. Ana malengelenge mengine.

25 Aprili

Bonge limetumbukizwa kwenye gundi ya majimaji ili liwe gumu kama jiwe kabla ya kukatwa. Hakuna kazi nyingine ila kusubiri. Nimeanza kwenda kulitazama kila asubuhi. Mlingoti anauliza mgonjwa ameamkaje.

29 Aprili

Mvua kidogo. Gundi bado.

4 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe, na nimeimaliza nikiwa na kichwa kizito kuliko nilivyoianza.

Bonge lilikatwa kwa msumeno wa umeme likawa vipande bapa kama vya mkate. Daktari akavipiga picha, penseli kando. Juu ya picha tukalaza nailoni yenye miraba mikubwa, tukahesabu miraba yenye kitundu au ufa ndani yake. Kisha nailoni ya miraba midogo, tukahesabu. Kisha midogo zaidi. Mimi nikihesabu, yeye akiandika. Kompyuta ingeweza kuhesabu, lakini alisema hili ni shamba la baba yako, hesabu wewe.

Alipomaliza aliweka picha tatu mezani. "Moja ni udongo uliokanyagwa na trekta. Moja ni udongo uliopumzishwa miaka mingi. Moja ni wenu. Wenu ni upi?"

Nilidhani nitautambua. Nimezaliwa juu ya udongo ule, nimeula nikiwa mtoto, nimemzika baba ndani yake. Nikatazama, nikatazama. Nikaonyesha picha. Ilikuwa ya trekta.

"Wenu ni huu," akasema, na kuniambia nambari. Uliokanyagwa ni moja nukta nne. Uliopumzika, moja nukta saba. Wetu, moja nukta sita.

"Kwa hiyo uko karibu na uliopumzika!"

"Nambari iko karibu."

"Haujafa!"

"Sikusema hivyo. Nambari inasema kwamba humu ndani kuna nafasi kubwa, na ndogo, na ndogo zaidi, zimepangana. Hilo ni jambo jema. Lakini hili ni bonge moja. Na limetoka chini ya tabaka gumu. Na," hapa akasita, "nimewahi kupata nambari kama hii kwenye udongo usioota hata nyasi."

"Daktari, nambari moja kwa udongo mzuri na udongo mbaya?"

"Inatokea."

"Sasa kazi yake nini?"

Nilisema kwa ukali, na mara moja nikajuta. Lakini hakukasirika. Alikaa, akaonekana mdogo kidogo.

"Hilo ndilo swali langu la miaka sita," akasema.

Nilitoka nikasimama karibu na mashimo. Mama yule nilimwona kichaa, halafu nikamwona mganga, na leo nimemwona ni mtu aliyechimba shimo refu na bado hajafika alikokusudia. Sijui kama nimhurumie au nidai bonge langu.

5 Mei

Mvua, kidole kimoja. Sijampigia mtu.

11 Mei

Nimempigia kaka. Nilijipanga asubuhi nzima, na mazungumzo yenyewe yalikwenda hivi.

"Kaka, majibu yametoka."

"Haya."

"Ni moja nukta sita."

"Moja nukta sita nini?"

"Ni nambari."

"Ya nini? Magunia? Hatua?"

"Ni namna vitundu vinavyoongezeka ukivipima kwa kitu kidogo."

Nikasikia jogoo wa kwetu akiwika. Yule yule.

"Mdogo wangu," kaka akasema taratibu, "unakula vizuri huko?"

Nikamwambia kwa ufupi inamaanisha kwamba chini kuna uhai, pagumu ni juu tu, palikanyagwa na trekta, pakipumzishwa labda patalegea.

"Labda?"

"Labda."

"Anasema nani, labda?"

"Daktari."

"Basi hata Daktari hajui. Wale wa matofali wanajua wanachotaka. Jumamosi wanakuja kujaribu. Nilikupa nafasi, umeniletea nukta."

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ndiye kaka, na mgongo ni wangu, ningesema hivyo hivyo.

17 Mei

Jumamosi. Mvua hakuna, hata wingu. Nimechimba mashimo mawili bila kuongea. Mlingoti alinipa buti lake la akiba la kulia. Ni refu vidole vitatu.

18 Mei

Mke wangu anasema wamechimba shimo katikati, upana wa chumba, kina kinamfika mtu kifuani. Wanafyatua matofali ya majaribio, yakikauka watayachoma kwenye tanuri dogo. Yakitoka vizuri, wanaleta watu wa kuchimba shamba zima. Alisema atazungumza baadaye, yuko shambani amesimama. Sikuelewa amesimama kufanya nini.

24 Mei

Kopo kavu. Majani yanaanza kuwa ya njano kwenye ncha. Daktari ameacha kuniambia lolote kuhusu bonge letu, lakini nimeona ameliweka dirishani, si kwenye sanduku na mengine.

31 Mei

Kaka amepiga. Sauti yake ilikuwa ya msiba, nikadhani ni mtoto.

"Yamevunjika," akasema.

"Nini, kaka?"

"Matofali. Wameyatoa tanurini, yana vitundu kama sifongo. Wanasema udongo umejaa mizizi mpaka chini, mizizi inaungua inaacha njia. Fundi wao amelipiga moja na nyundo, likatoka vipande. Akapiga kipande, kikatoka vipande. Akapiga tena. Akaniambia, mzee, udongo wako hautaki kushikana, unavunjika mpaka unga. Wamepakia vifaa vyao wameondoka. Hata kuuzika hauuziki, mdogo wangu. Hata kwa kuchomwa haufai!"

Niliuma mdomo. Kaka alikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa karibu kuruka juu ya kichuguu. Kipande kutoka kwenye kipande kutoka kwenye kipande. Nilikuwa nimeshika ile nambari kichwani wiki nne kama mtu aliyeshika ufunguo asiojua mlango wake, na kumbe mlango umefunguliwa na nyundo ya mtu wa matofali. Au nimedhani tu.

"Kaka," nikasema, "basi shamba tulipumzishe. Msimu huu na ujao. Trekta lisikanyage. Na wewe upumzike."

"Tutakula nini?"

"Nitaleta ninacholeta. Pembeni kule mteremkoni trekta halikufika, tutapanda kwa jembe. Nitalima mimi."

Halafu akasema, "Moja nukta ngapi vile?"

"Sita."

"Haya. Lipumzike na nukta zake."

Nilikimbia kumwambia Daktari. Alifurahi, halafu akaanza tena na "lakini". Tofali baya si ushahidi wa shamba zuri, huenda ni mizizi ya zamani, huenda ni hivi, huenda ni vile. Nikamwambia, "Daktari, leo uniachie." Akaniachia. Akachukua kipande kimoja bapa cha bonge letu akakifunga kwenye sweta la binti yangu, akanipa.

1 Juni

Jumapili. Nimempigia mke wangu kuhusu lile shimo.

Nimeogopa tangu jana. Nilijua wale watu walitupa udongo wowote popote, mwekundu juu ya mweusi, na udongo ukishachanganyika hivyo ndio mwisho wake. Nimechimba mashimo ya watu msimu mzima na kuyafukia kwa utaratibu, na shimo la kwetu limechimbwa na wageni.

"Lundo likoje?" nikamwuliza.

"Lundo lipi?"

"La udongo wa shimoni."

"Kuna mawili. Mweusi huku, mwekundu huku. Si ulinisimulia huko mnavyotenganisha? Nilisimama pale siku zote walizochimba. Wakaniudhi, nikawaudhi. Mmoja akaniuliza, mama, kuna faida gani kutenganisha? Nikamwambia mimi sijui, mume wangu anajua." Kisha akaniuliza, "Unajua?"

"Sijui sana," nikasema.

"Basi njoo usijue ukiwa hapa."

Daktari amenikubalia. Yamebaki mashimo mawili ya kufukia, yataisha Ijumaa. Jumamosi Kipara anapita, kiti cha mbele kiko wazi. Jumapili mchana nitakuwa nyumbani, na Jumatatu asubuhi, kabla jua halijayakausha zaidi yale malundo, nitaingia shimoni. Mwekundu kwanza.